Msiwahubirie subira vijana wa Saio

Hukumu inatolewa kila siku Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Congo, mimbarini, redioni, katika semina za mashirika na katika vikao vya familia: vijana wetu wanapenda pesa ya leo. Kwa kuwa wanapenda pesa ya leo, hawajaribu kitu kipya. Mpe kijana wa mtaa wa Saio miche ya kakao, wanasema, ataiuza apate nauli ya kwenda kwenye dhahabu ya Mongbwalu. Mwandikishe kwenye ufundi wa miaka miwili, mwezi wa tatu utamkuta barabarani na pikipiki akigombea abiria. Kisha inafuata dawa, ambayo nayo haibadiliki: kijana afundishwe subira, abadilishe mentalité.

Naipinga hukumu hiyo tangu mzizi wake. Inamfutia lawama kila aliyechangia kuifanya kesho ya Ituri isiaminike, halafu inamtwika mzigo huo kijana ambaye alichofanya ni kuitazama hali ilivyo na kuishi kulingana nayo. Imerudiwa mno hata wanaohukumiwa wameanza kuikariri wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nianze na lililo kweli ndani yake, maana lipo. Kupendelea malipo ya papo hapo na kusita mbele ya jambo jipya ni mambo yanayokwenda pamoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Waliwapima watu kwa maswali ya kuchagua kati ya fedha kidogo leo na fedha zaidi baadaye, kisha wakawapa mchezo wa kuchagua kati ya pande mbili, upande mmoja ukijulikana zaidi kuliko mwingine. Waliopendelea fedha za leo ndio walioupa kisogo upande wasioujua. Sababu inaeleweka. Kujaribu kitu kipya, siku ya kwanza, aghalabu ni hasara. Mama anayepeleka samaki wake wa Tchomia kwenye soko asilolizoea hana wateja pale, hajui bei, hajui ushuru. Anachopata siku hiyo ni habari, na habari hiyo itamlipa atakaporudi mara ya pili, ya tano, ya ishirini. Mwondolee mara hizo za baadaye, safari ile inabaki hasara tupu.

Basi swali langu kwa wahubiri wa subira ni hili: nani amewaondolea watu wa Ituri mara za baadaye?

Mchukue aliyezaliwa Bunia mwaka 2000. Alikuwa bado anabebwa mgongoni Agosti 2002, wapiganaji wa UPC walipouteka mji. Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka na watu wakauawa mtaa kwa mtaa, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya, Operesheni Artemis, kilipofika Juni. Alipotimiza miaka kumi na saba, mwishoni mwa 2017, Djugu ilianza kuwaka upya. Alipofika ishirini na moja, Mei 2021, mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, uliotangazwa kuwa wa siku thelathini na kurefushwa tena na tena. Kambi ya Kigonze ilijaa waliokimbia na nguo za mwilini. Kijana huyo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia kwamba mipango ya miaka mitano ina wenyewe. Aliyaona kwa macho yake.

Lakini wahubiri wana kielelezo wanachokipenda, nacho ni dhahabu. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903 upande wa Kilo, na tangu 1982, serikali ya Mobutu ilipowaruhusu raia kuchimba kwa mikono, vijana wa vizazi viwili wamepitia mashimoni. Kwa wahubiri, shimo la dhahabu ni ushahidi uliokamilika: hapo ndipo penye tamaa ya pesa ya haraka. Nawasihi waende wakaone jinsi shimo linavyofanya kazi.

Kundi linaanza kwa kutafuta mahali, kisha linaondoa udongo na kupambana na maji. Wiki zinapita, pengine miezi, kabla ya kufikia tabaka lenye dhahabu. Muda wote huo hakuna mshahara. Wachimbaji wanakula chakula kinachotolewa na PDG, ndivyo anavyoitwa mwenye shimo, naye mara nyingi amekikopa kwa mfanyabiashara atakayekuja kuinunua dhahabu yake. Shimo likitoka tupu, miezi ile imekwenda na jasho lake. Likitoa, madeni yanakatwa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kazi hii ni ya kungoja bila hakika, mwili ukiwa chini ya ardhi inayoweza kuporomoka. Anayeifanya ndiye mnayesema hawezi kungoja na haendi asikokujua.

Kwa hiyo tuulize vizuri zaidi: kwa nini kijana huyohuyo angoje miezi shimoni, akatae kungoja miaka shambani? Jibu nililonalo ni kwamba dhahabu inakimbia pamoja na mwenyewe. Ikishapatikana inafungwa kwenye kikaratasi, inaingia mfukoni, na inauzwa siku hiyohiyo Mongbwalu au Bunia kwa mtu asiyeuliza umetoka kijiji gani. Tola nzima ya dhahabu haifiki gramu kumi na mbili. Risasi zikilia usiku, mwenye dhahabu anaondoka na mali yake. Mwenye shamba anaondoka na ufunguo wa nyumba ambayo huenda imeshachomwa. Huo ni uchaguzi wa mtu aliyepima, na aliyepima vizuri.

Sasa kakao yenyewe, hiyo ambayo vijana wanalaumiwa kwa kuikataa. Wakulima wa mashariki ya Congo hawakungoja semina ili kuijaribu. Ugonjwa wa kunyauka ulipoimaliza kahawa ya robusta, watu wa Beni na wa upande wa Irumu na Mambasa waligeukia mti ambao wengi wa baba zao hawakuupanda, wakajifunza kuupogoa, kuchachusha mbegu zake na kuzikausha. Huko ni kujaribu kitu kipya kwa maana kamili ya neno, tena kwa malipo yanayochelewa, kwa sababu kakao inachukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa vizuri. Walingoja. Mwaka 2024 bei ya dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani, bei ambayo mkulima wa kakao hakuwahi kuiota. Wakati huohuo wapiganaji wa ADF walikuwa wakiwaua watu mashambani katika Irumu na Mambasa, mavuno yakichukuliwa na wengine huku wenye mashamba wakilala katika nyumba za jamaa. Julai 2025, Komanda, njia panda ya barabara za kwenda Bunia, Beni na Mambasa, waumini waliuawa kanisani walikokuwa wakisali usiku.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema wazee wetu. Wazee wangu, hawa walivumilia. Mbivu zikaliwa na waliobeba bunduki.

Tufanye hesabu, si ya mtu yeyote halisi, ya kutusaidia kufikiri tu. Tuseme mahali fulani kuna hatari moja kati ya tatu, kila mwaka, ya kufukuzwa shambani. Mwenye kupanda maharage anahitaji miezi mitatu, kwa hiyo ana nafasi ya kuvuna takriban tisa kati ya kumi. Mwenye kupanda kakao anahitaji miaka minne bila kufukuzwa hata mara moja, na nafasi yake inashuka hadi moja kati ya tano. Kakao lazima ilipe zaidi ya mara nne kuliko maharage ndipo wawili hao walingane, na hapo hatujahesabu njaa ya miaka minne ya kungoja. Mtu mwenye subira ya Ayubu akipewa hesabu hiyo atapanda maharage. Hakuna mahubiri yatakayobadilisha jibu. Kitakachobadilisha ni ile moja kati ya tatu kushuka.

Wanaopenda kunukuu sayansi dhidi ya vijana hukimbilia jaribio la peremende lililofanywa na Walter Mischel kule Stanford: mtoto anapewa peremende moja, anaambiwa akingoja atapata mbili, na anayengoja anasifiwa kuwa mwenye tabia njema ya maisha. Wangeendelea kusoma. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rochester, walirudia jaribio hilo kwa watoto 28. Kabla ya kuanza, nusu yao waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea na wakavipata. Nusu nyingine waliahidiwa, kisha mtu mzima akarudi mikono mitupu na kuomba radhi. Katika kundi lililotimiziwa ahadi, watoto 9 kati ya 14 walingoja dakika zote kumi na tano. Katika kundi lililodanganywa, ni mmoja tu. Ahadi mbili ndogo zilizovunjwa, juu ya vifaa vya kuchorea, zilitosha. Sisi ahadi zilizovunjwa mbele ya watoto wetu ni za usalama, za barabara, za mishahara ya walimu, na bado tunashangaa.

Na kama kuna anayedhani kwamba Mwafrika kwa asili yake hawezi kungoja, maana wazo hilo nalo limejificha ndani ya semina nyingi, asome kazi ya Bettina Lamm na wenzake ya mwaka 2018. Walilinganisha watoto wa miaka minne wa Kinso, jamii ya wakulima wa Kamerun, na watoto wa Ujerumani. Kati ya Wanso karibu asilimia 70 walingoja. Kati ya Wajerumani hawakufika theluthi.

Fedha nazo zina historia. Desemba 1979 Mobutu alizifuta noti za zaire 5 na 10, wananchi wakapewa siku chache za kuzibadilisha, tena kwa kiwango chenye mpaka. Aliyekuwa ameweka akiba chini ya godoro aliamka na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja ikichukua nafasi ya milioni tatu za zamani. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, benki zilifunga milango na wenye akaunti wakabaki nje. Kila mara aliyeadhibiwa ni yule aliyefuata ushauri wa kuweka. Aliyetumia mapema, aliyenunua mabati, ng'ombe au matofali, ndiye aliyebaki na kitu. Tunawezaje, baada ya hayo, kuwaambia watoto wa watu hao kwamba kutumia leo ni upungufu wa akili?

Tena watu wetu wanaweka akiba kwa bidii pale wanapojua nani anashika fedha. Angalieni likelemba: kina mama wanachanga kila wiki, wa mwisho kwenye orodha anangoja miezi, wala hapati riba. Angalieni AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana, na sanduku lake lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Subira hiyo yote ipo Bunia, na inaishi ndani ya watu wanaofahamiana, kwa sababu nje ya hapo hakuna dhamana.

Narudi kwa watafiti wa Arizona, kwa sababu kuna sehemu ya matokeo yao inayotuhusu zaidi. Walitofautisha namna mbili za kujaribu. Kuna kuchunguza kwa makusudi, mtu akiuendea upande asioujua kwa kuwa anataka kuujua. Na kuna kubahatisha, mtu akibadilisha bila mpango. Wapenda malipo ya leo hawakuchunguza kwa makusudi sana kama wenzao. Katika kubahatisha hakukuwa na uhusiano wowote. Watafiti walikuta pia, bila kutarajia, kwamba uhusiano ule ulitoka zaidi katika namna watu wanavyolipokea jambo lisilo na uhakika, hata pale walipobakiwa na mara moja tu ya kuchagua.

Hiyo ndiyo picha ya vijana wetu ninayoiona mimi. Hawakosi kubadilisha. Leo yuko shimoni, mwezi ujao yuko Kasenyi kwenye mitumbwi, baadaye anauza unite, kisha anaendesha pikipiki ya mtu. Anayesema hawajaribu hajawatazama. Wanachokosa ni kujaribu kwa mpango, kule kunakoanza na swali na kudumu hadi jibu lipatikane, kwa sababu huko ndiko kunakohitaji muda usiokatwa. Dereva wa pikipiki anadaiwa versement na mwenye pikipiki kila jioni. Akichukua siku tatu kwenda kuangalia kama anaweza kujifunza uchomeleaji, hapotezi mapato ya siku tatu tu, anarudi na deni. Mtu huyo anaruka kutoka kazi hadi kazi pale tu anaposukumwa. Ninaposikia tajiri mwenye pikipiki kumi akilalamika kwamba vijana hawana maono, natamani aanze kwa kumwachia dereva wake siku moja ya wiki isiyodaiwa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wanasema: haya, vita vilimfundisha kijana kukimbilia cha leo, lakini tabia ikishaota mizizi haiondoki hata amani ikija, kwa hiyo mafunzo yanahitajika. Pengine kwa baadhi ni hivyo. Wapo wanaomaliza fedha ya shimo kwa pombe katika usiku mmoja, na familia zao zinalia; siwatetei. Lakini tusikisie kuhusu wengi wakati kuna mahali pa kutazama.

Bumala, magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wafanyabiashara wadogo akaunti zisizo na riba, ambazo kutoa fedha kulikatwa ada. Kwa maneno mengine, kuweka kulikuwa na gharama. Kina mama wa sokoni walizitumia hata hivyo, na mtaji walioingiza katika biashara zao ukaongezeka. Waendesha baiskeli za abiria hawakuonyesha badiliko hilo, nami sitaficha: mahali salama pa kuweka fedha hapatoshi kwa kila mtu. Katika wilaya ya Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Robinson waliwafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, wakati fedha bado iko mkononi, wakawapa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao na kuletewa bure. Waliotumia mbolea waliongezeka. Hakuna aliyewabadilisha tabia. Saa ya kuuliza ndiyo iliyobadilishwa.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Rangpur, Bangladesh, ambako kila mwaka kulikuwa na miezi ya njaa kabla ya mavuno. Watu walijua kwamba mijini kuna kazi, na wengi hawakwenda. Mtu wa semina angesema hawana ujasiri. Mwaka 2008 watafiti walizipa kaya kiasi cha nauli ya basi, kama dola nane na nusu, kwa sharti la kusafiri. Wengi walikwenda, kaya zao zikala vizuri zaidi, na sehemu yao walirudi mjini mwaka uliofuata bila kupewa chochote. Walichokosa kilikuwa uwezo wa kupoteza safari moja. Mtu aliye karibu na njaa hawezi kununua habari kwa bei ya chakula cha watoto.

Hilo linaeleza pia wale ambao wahubiri huwataja kama mfano mwema, wafanyabiashara wa Butembo na Bunia wanaokwenda Kampala, Dubai hadi Guangzhou kutafuta bidhaa mpya. Ni watu hodari, hakuna ubishi. Lakini nyuma ya wengi wao kuna kaka, shemeji au baba mkubwa atakayekopesha mtaji wa pili kontena la kwanza likipotea. Ujasiri wao umesimama juu ya ukoo. Kijana wa Saio ambaye ukoo wake umetawanyika katika kambi tatu anaombwa aonyeshe ujasiri uleule bila ardhi ya kusimama.

Kwa hiyo nasema kwa wanaopanga bajeti za mradi mwingine wa kubadilisha fikra za vijana: fedha hizo zielekezeni kwingine. Lipieni jaribio la kwanza. Anayetaka kujifunza useremala au uchomeleaji alipiwe chakula cha miezi ya mwanzo, na akishindwa asidaiwe. Mpandaji wa kakao apewe na mbegu za mazao ya miezi mitatu kati ya miti yake, ale wakati anangoja. Vikundi vya AVEC vilindwe dhidi ya wanaokuja kuvikusanyia kodi zisizo na risiti. Serikali ya mkoa, kama inataka mashamba, iilinde barabara ya Komanda na ya Mambasa katika msimu wa mavuno kabla ya kulinda kitu kingine, na impe mkulima aliyekimbia hati itakayomrudishia shamba lake siku atakayorudi. Nanyi wachungaji na mapadri, mnaosikilizwa Ituri kuliko gavana yeyote, Jumapili ijayo waacheni vijana wapumzike. Hubirini kwa wenye madaraka juu ya ahadi walizotoa, mkizitaja moja baada ya nyingine, na mwulize mbele ya waumini ni ipi iliyotimizwa.